Papasi wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 5 Februari 1951. Dongobesh

Tangu asubuhi nakandika sakafu ya chumba cha nyuma. Kinyesi cha ng'ombe, majivu, maji kidogo. Mikono inanuka mpaka sasa. Nyufa ni nyingi mwaka huu, hasa pale ukuta unapokutana na sakafu. Nimeziba nilizozifikia. Nyingine ziko nyuma ya kitanda, na kitanda chenyewe ni kizito. Nimeziacha.

Chumba hicho kilikuwa changu tangu niolewe. Leo nimehamishia sanduku langu chumba cha mbele, kilichopakana na stoo ya duka. Harufu ya mafuta ya taa na ngozi mbichi. Idi, mume wangu, amesema Rukia ana mimba, anahitaji joto, na chumba cha nyuma kimeegemea jiko. Amesema kwa upole. Nikajibu sawa.

Rukia ni mke mwenzangu. Ameletwa mwaka jana kutoka Babati, binti wa muuza nyama. Mdogo, bado ana mashavu ya kitoto. Kila asubuhi anainama na kusema, "Shikamoo, dada." Sina kosa la kumshika nalo. Hilo ndilo linaloniudhi.

Mimi mimba tatu zilitoka katika chumba hicho. Wa nne alizaliwa hai, tukampa jina la Hamisi, hakumaliza wiki mbili. Baada ya Hamisi, kimya. Ndiyo sababu ya Rukia. Hakuna aliyenificha.

Ijumaa, 9 Februari

Mvua. Wabarbaig walioleta samli kutoka upande wa Basotu wameshindwa kurudi, wamelala ukumbini. Ni desturi ya nyumba hii tangu enzi za marehemu baba mkwe: mwenye mzigo hafukuzwi. Biashara yetu imejengwa hivyo. Wamekunywa chai asubuhi, wameondoka wakijikuna.

Rukia naye anajikuna. Amenionyesha miguu. Alama za rangi ya damu iliyovilia, katikati nukta nyeusi kama tundu la sindano. Anasema viroboto. Nimemchemshia maji ya tumbaku ajipake.

Mama mkwe, ambaye anakaa nasi, anasema viroboto huisha mvua ikikatika.

Sijui. Kiroboto ukiumwa unashtuka, na anauma mfululizo. Rukia anasema hakusikia chochote. Ameamka tu akazikuta. Nimekung'uta godoro lake la sufi na kutazama kwenye kamba za kitanda kama kuna kunguni. Hakuna. Kunguni angeacha madoa na ile harufu yake.

Jumamosi, 17 Februari

Rukia ameanguka jikoni akiwa anachochea uji. Ghafla tu. Nilipomshika alikuwa wa moto kama sufuria. Kichwa, mgongo, magoti. Anasema macho yanauma kwa ndani.

Mama mkwe amesema malaria. Idi ametoa kwinini dukani. Amekunywa, ametapika.

Huku kwetu kuna baridi. Mbu ni wa kuhesabu. 

Jumanne, 20 Februari

Homa haishuki. Macho yameanza umanjano. Anaweweseka, anamwita mama yake. Namkanda kwa maji. Usiku mzima jana, na leo mchana.

Ninapomkanda naijua kila hatua ya homa hii kabla haijafika. Sasa ataomba maji, hatayanywa. Sasa atalia kuhusu magoti. Ndivyo ilivyokuwa kwangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Mke wa kaka yake Idi alifia chumba hicho hicho, kabla sijaja. Homa. Shemeji akahamia Singida, hajarudi kukaa. Niliposimuliwa nilikuwa bibi arusi, sikutilia maanani.

Naogopa.

Jumatano, 21 Februari

Imemtoka ghafla kama ilivyoingia. Jasho mpaka shuka likachuruzika. Kisha akawa baridi, mnyonge, nikadhani anakufa. Jioni akaomba ugali na maziwa ya mgando.

Idi amechinja kuku. Mama mkwe ameshukuru Mungu. Kila mtu anacheka.

Jumatatu, 26 Februari

Rukia ana nguvu. Anafagia, anaimba. Mtoto anacheza tumboni, ameuweka mkono wangu hapo nisikilize. Nilisikiliza. Nikautoa mkono upesi.

Wote wanasema imepita. Mimi nasubiri. Kwangu ilirudi.

Alhamisi, 1 Machi

Imerudi.

Jumapili, 4 Machi

Homa ya safari hii ilikuwa fupi, imekatika jana. Lakini Rukia amekonda, na mtoto hachezi kama zamani.

Kaka yangu Juma amepita na lori, anatoka Arusha kwenda Basotu. Dereva. Tulizaliwa tumbo moja, Kondoa, kwa baba aliyekuwa karani wa boma. Nyumba ya kazi, sakafu ya mawe na chokaa. Nimefurahi kumwona kuliko nilivyotegemea. Kwa kuwa mbele nimejaza magunia, nimemtandikia mkeka kwenye ujia mdogo mbele ya chumba cha nyuma, ambako kuna joto la jiko.

Jumatatu, 5 Machi

Nimemkuta Juma uani alfajiri, amevua shati, anakung'uta kila uzi. Mkeka ameutupa kwenye nyasi.

"Zaina," akasema, "mnalala vipi humu?"

"Kuna nini, kaka?"

"Njoo uone."

Alikuwa amefunika kidudu kwa kikombe. Akakifunua. Kama punje ya udongo. Kijivu, ngozi yake imekunjamana, hakina kichwa unachokiona. Nilidhani ananitania. Akakigusa kwa kijiti, kikabaki kama kimekufa. Tukaendelea kukitazama. Baada ya muda miguu ikatoka chini yake, taratibu, kikaanza kutembea kurudi upande wa nyumba.

"Papasi," akasema Juma. "Kule Manyoni tulikuwa kambi ya barabara, tukalala kwenye vibanda vya zamani. Tulianguka homa karibu wote. Inakuacha, inarudi. Inakuacha, inarudi. Mwenzangu mmoja ilimrudia mpaka tukamzika."

Nikamuuliza kama iliwapata na wanawake wenye mimba.

"Hatukuwa na wanawake kule," akasema. Kisha akanitazama usoni, akatazama pembeni.

Ameondoka bila kunywa chai. Atapita tena wiki ijayo akirudi.

Jumanne, 6 Machi

Idi yuko dukani. Mama mkwe amekwenda kumwona mgonjwa. Rukia nimemtuma aote jua.

Nimeingia chumba cha nyuma na kibatari na unyoya wa kuku. Nikavuta kitanda mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka kikaachana na ukuta. Zile nyufa ambazo sikuziziba. Nikapitisha unyoya ndani ya ufa. Vumbi. Nikapitisha tena. Vumbi likaanguka sakafuni, na vumbi lile likawa na punje, na punje zikatulia. Nikasubiri kama Juma alivyosubiri. Zikaota miguu.

Wakubwa kama ukucha wa kidole gumba. Wadogo kama mbegu za ulezi. Wengine wamejaa, wameviringika, weusi. Wengine bapa, wamekauka kama ganda, na bado wako hai. Nikachokonoa ufa mwingine. Na mwingine. Kila mahali. Chini ya udongo nilioukandika mwenyewe wiki zilizopita walikuwa wamepumzika kama wenye nyumba.

Nikampasua mmoja aliyejaa kwa ukucha. Damu iliyotoka ni ya Rukia. Wazazi wa papasi huyu walikunywa yangu.

Nimerudisha kitanda. Nimefagia. Nimenawa mikono mara nyingi.

Alhamisi, 8 Machi

Jana sikusema. Leo sikusema.

Nawaza kitu kimoja. Miaka yote hii nimeambiwa ni tumbo langu. Nimekunywa mizizi. Nimefungwa hirizi. Nimekwenda kwa mama mmoja mganga wa Yaeda Chini, safari ya mateso, akanichanja mgongo. Nimekubali mume wangu aoe kwa sababu tumbo langu lina kasoro. Na huenda halikuwa na kasoro.

Na kuna kingine. Mimba ya Rukia ikitoka tutakuwa sawa. Hakuna atakayenong'ona tena juu yangu sokoni. Wazo hilo limekaa nami tangu juzi, nimekula nalo na kulala nalo. Ni baya. Ni langu.

Amenifuata jikoni leo kunisaidia kuchambua maharage. Miguu yake imejaa alama mpya.

Ijumaa, 9 Machi

Nimesema. Baada ya Idi kutoka msikitini nimewakalisha, yeye na mama yake. Nimewaletea papasi ndani ya chupa.

Idi akaicheka chupa. "Hawa? Hawa tumekua nao. Utotoni tulikuwa tunawachoma na kijinga cha moto, tunasikia wanavyolia pa."

Nikamwambia aliyosema Juma. Homa inayorudi. Mimba zangu. Mke wa shemeji. 

Mama mkwe akasema, "Mimi nimezaa saba ndani ya chumba kile. Wote wazima. Huyu mbele yako ni mmojawapo. Kama papasi wanaua mimba, hawa wangetoka wapi?"

 Kweli alizaa saba. Kweli Idi hajawahi kuumwa homa hiyo. Hata mimi siku hizi hainishiki tena.

Idi akasema, "Kama umechoka kukaa na mwenzio, sema. Usimzungukie na wadudu."

Jumamosi, 10 Machi

Asubuhi nimekuta mama mkwe amewasha jiko. Anapika chakula cha Rukia mwenyewe. Nilipotaka kuchukua sahani nimpelekee, akaivuta.

"Acha. Nitampa mimi."

Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Yale maji ya tumbaku uliyompa ajipake, ulitia nini kingine?"

 Kumbe wamekaa usiku, wamezungumza. Mgonjwa ni mwenye mimba, mke mkubwa hana mtoto, mke mkubwa anajua homa itarudi lini. Hata mimi ningejishuku.

Idi hajalala kwangu. Ni zamu yangu.

Jumapili, 11 Machi

Mama wawili wa jirani wamekuja kumsalimu mgonjwa. Mimi wameniamkia mlangoni, wamepita. Zamani wangekaa kwangu kwanza.

Idi ameondoka kwenda Basotu kuchukua samli na ngozi. Atakaa huko siku kadhaa. Ameniaga kwa kichwa.

Nikienda kisimani sauti zinapungua. Naanza kuogopa wanachoweza kufanya mtoto akitoka. Wapo wanawake waliorudishwa kwao kwa kidogo kuliko hiki. Wapo waliofanyiwa mabaya zaidi.

Jumatatu, 12 Machi

Homa imerudi mara ya tatu. Na leo kuna damu. Kidogo, kwenye nguo ya ndani. Rukia hakumwambia mama mkwe. Ameniambia mimi, kupitia dirishani, nikiwa naanika nguo.

"Dada," akasema, "na wewe ilianza hivi?"

Nikasema ndiyo.

 Nikasikia anapumua. Kisha, "Mimi siogopi chakula chako. Nipeleke unakojua."

Lori la Juma limefika jioni.

Jumanne, 13 Machi. Mbulu

Tumeondoka kabla hakujapambazuka vizuri. Mama mkwe alisimama mlangoni na kanga kichwani.

"Idi akirudi nimwambie nini?"

"Mwambie nimempeleka hospitali Mbulu, mama."

"Mtoto akiharibikia njiani?"

"Akibaki humu ataharibika," nikasema. Sijawahi kumjibu hivyo.  Sikujua atanishika au atanipisha. Akasogea.

Rukia mbele na Juma, mimi nyuma juu ya magunia. Matope. Mara mbili tumekwama. Kila lori lilipotupwa nilijiona nimeua mtu. Nilishika pembe za gunia na kusoma kila ninachojua kusoma.

Tumefika mchana. Damu haijaongezeka. Amelazwa. Mimi nalala banda la wanaouguza wagonjwa wao, juu ya saruji. Baridi yake naipenda.

Jumatano, 14 Machi

Daktari amemtoboa Rukia kidole. Ametandaza tone la damu kwenye kioo, ametazama kwa darubini muda mrefu. Ni Mhindi, Kiswahili chake cha vipande, lakini kinaeleweka.

"Nyumba yenu udongo?"

"Ndiyo."

"Ya zamani? Wageni wanalala?"

"Ndiyo."

Akaniita nitazame mwenyewe. Niliona vitu kama nywele zilizojisokota, zinacheza. Akasema hiyo ndiyo homa ya papasi, papasi huitia mwilini akiuma. Nikatoa chupa yangu. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Hakushangaa hata kidogo.

Nikamuuliza habari ya mama mkwe na watoto wake saba. Akasema anayeumwa na papasi tangu utotoni mwili huzoea. Anayekuja ukubwani ndiye anayeanguka. Mama mkwe alizaliwa pale Dongobesh, nyumba kama ile yetu. Mimi nilitoka kwenye sakafu ya chokaa. Rukia pia kwao wamejenga kwa saruji.

Kisha nikauliza lile jingine. Kama inatoa mimba.

"Mara nyingi sana," akasema. "Zako?"

Nikasema zangu. Nikasema na mmoja aliyezaliwa. Akasema mtoto anaweza kuzaliwa nayo tayari.

Akaendelea na kazi yake. Mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Watu walikuwa wanapita. Nililia mpaka pua ikaziba, kisha nikakasirika, kisha nikawa sina kitu. Hamisi alikuwa wa moto. Nakumbuka. Walisema jicho la mtu.

Jumapili, 18 Machi

Rukia amechomwa sindano. Homa ilipanda vibaya siku ile ile, akatetemeka mpaka kitanda kikalia, daktari akakaa naye. Kisha imeshuka. Damu imekatika. Mtoto amecheza leo, mara moja, lakini amecheza.

Daktari hataki arudi kwenye nyumba ile. Nimetuma ujumbe kwa Juma apeleke habari Babati, baba yake aje amchukue. Mimi narudi keshokutwa. Nimepewa mfuko wa dawa ya unga na maelekezo.

Sitaki kurudi. Nitarudi.

Jumanne, 20 Machi. Dongobesh

Idi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka. Duka limefungwa mchana kweupe.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Akauliza, "Yu hai?"

"Yu hai. Na mtoto."

Nikamweleza yote, nimesimama, mzigo bado kichwani. Alisikiliza. Mwisho akasema nyumba hii ilijengwa na baba yake kwa mikono yake, alipokuja kutoka Tabora bila kitu, na yeye hawezi kuivunja kwa ajili ya mdudu ambaye hata mtoto mdogo hamwogopi.

Nikatua mzigo. Nikaenda jikoni nikachukua panga. Aliponiona nalo akasimama. Nikampita. Nikaingia chumba cha nyuma, nikasukuma kitanda, nikapiga ukuta kwa ubapa wa panga, mara nyingi, mpaka udongo uliokandikwa ukaanguka kipande kikubwa kama mlango.

Walikuwa nyuma yake. Kwenye fito, kwenye matundu ya mchwa, wamebanana tabaka juu ya tabaka. Ukuta ulionekana kama unapumua. Wakaanza kuanguka na kutawanyika kuelekea giza la chini ya kitanda.

Idi alikuwa mlangoni. Sikujua amenifuata.

Alitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Ulilala hapa miaka yote ile?"

"Ulinileta hapa mwenyewe," nikasema.

Jumamosi, 24 Machi

Kazi. Tumetoa kila kitu uani. Mikeka na godoro la sufi tumechoma. Vitanda tumevimwagia maji yanayochemka, kila kiungo. Idi amechimba sakafu kwa jembe, udongo umetupwa shimoni na kuwashiwa moto. Papasi waliojaa damu wanalia kwenye moto, kama Idi alivyosema. Hakucheka safari hii. Kuta tumezipitishia mienge ya nyasi kavu. Juu ya yote, dawa ya unga. Inanuka uvundo, inakaa kooni.

Jirani wamekuja kutazama. Wengine wameenda kuchungulia nyufa za nyumba zao. Mmoja wa wale mama wa Jumapili ile amerudi na jembe lake, amechimba nasi mpaka jioni. 

Mama mkwe amekaa juu ya kinu uani siku nzima. Chumba chake bado. Amekataa.

Alhamisi, 19 Aprili

Nilidhani tumewamaliza. Leo nimeinua mguu wa kitanda cha mama mkwe kutafuta kijiko kilichoanguka. Papasi watatu, wazima, wamejaa.

Kwa hiyo wanatembea. Wanatoka kwake wanakuja kwetu. Daktari alisema wanaweza kukaa bila kula miaka na wasife. Miaka. Wanaweza kumngoja Rukia. Wanaweza kumngoja mtoto.

Nimemwonyesha Idi. Ameketi, mikono kichwani. "Unataka nifanye nini, Zaina?"

"Bomoa tembe lote la nyuma, kuta na paa lake la udongo. Duka libaki."

"Na mama?"

 Tangu Mbulu nimekoma kumjibia mambo yake.

Jumatatu, 23 Aprili

Idi amezungumza na mama yake peke yao. Nilisikia sauti yake tu, ya mama sikuisikia. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Jioni mama mkwe amefungua mlango wake. "Toeni kitanda changu," akasema. Mimi na Idi tukakitoa. Akatufuata akiwa amebeba taa na kibuyu chake cha maziwa. Hakugeuka nyuma.

Sote tunalala dukani, kati ya magunia. Wageni wa samli wanalala nje, chini ya turubai. Wanalalamika.

Jumamosi, 12 Mei

Tembe limeshuka leo. Paa la udongo liliangukia ndani kwa kishindo, vumbi likafika barabarani. Idi alichoma miti yote, hata mizuri. Moto umewaka mpaka magharibi.

Nilisimama karibu nao mpaka uso ukauma. Nilitegemea kufurahi. Niliona moto tu.

Juma ameleta habari: Rukia mzima kwao, homa haijarudi. Bado naisubiri homa hiyo. Kila lori likija natoka barabarani kuuliza.

Jumatatu, 30 Julai

Rukia amejifungua Babati. Mtoto wa kike. Mdogo, lakini analia kwa nguvu na ananyonya. Hana joto. Nilimwuliza Juma mara tatu kama hana joto, mara ya tatu akanishika bega.

Idi ameondoka na lori hilo hilo. Alivaa kanzu, akakosea vifungo, nikamfungia upya.

Rukia ametuma salamu. Harudi mpaka chini pawe na saruji. Amesema dada atamwelewa. Namwelewa.

Nimefurahi. Pia nimelala kutwa, mchana, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa msichana.

Ijumaa, 10 Agosti

Ukungu asubuhi. Baridi ya kuuma mifupa. Mafundi wa matofali wamefika, Idi amewaonyesha wachimbe udongo nyuma ya lilipokuwa jiko, karibu na ua wa minyaa.

Mama mkwe akatoka, amejifunika blanketi. Akawaambia, "Pale msichimbe." Idi akauliza kwa nini.  Mama akanishika mkono mimi. Mkono wake ulikuwa mkavu, mwepesi.

Tukaenda mpaka kwenye minyaa. Akatazama chini muda mrefu, anapima kwa macho. Hamisi wanaume walimzika makaburini, nalijua kaburi lake. Wale wengine watatu yeye ndiye aliyewachukua kutoka kwangu, wamefungwa kwenye kitambaa, na mimi nikiwa na homa. Sikuwahi kuuliza aliwapeleka wapi. Nilidhani mtu haulizi.

"Wa kwanza hapa," akasema. Akasogea hatua. "Wa pili hapa. Wa tatu nilimweka pembeni ya huyu, mvua ilikuwa kubwa, sikuweza kuchimba mbali."

Nikamshukuru. Nikasema, "Asante, mama."

Akasema, "Sikujua, Zaina." Kisha akaenda ndani kwa sababu ya baridi.

Mafundi wamehamia ng'ambo ya kijito. Mimi nikang'oa magugu pale, kidogo, kwa mkono. Nikakaa mpaka umande ukakauka. Kulikuwa na watu wawili mlangoni wanasubiri chumvi, nikaenda kufungua duka.